Kitabu cha 1984 na dola inayomwangalia kila mtu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Riwaya ya George Orwell iitwayo Nineteen Eighty-Four, ambayo wengi tunaiita 1984 tu, ilichapishwa London tarehe 8 Juni 1949. Mwaka ulio kwenye jalada lake umeshapita zamani na Umoja wa Kisovieti haupo tena. Hata hivyo, kila serikali fulani inapobainika kwamba inasikiliza simu za raia wake, watu hurudi kukitafuta kitabu hiki. Hapa nimejibu maswali ambayo wasomaji huyauliza zaidi. Msimamo wangu nitausema mapema: wengi wanakikumbuka kwa sababu ya kamera, lakini hatari kubwa anayoionyesha Orwell ni kule kuandikwa upya kwa mambo yaliyokwisha kutokea. Kumwangalia mtu ni hatua ya kwanza tu.

Kwa ufupi, kinahusu nini?

Winston Smith, mwanamume wa miaka 39, anaishi London, mji uliomo ndani ya dola kubwa iitwayo Oceania. Chama ndicho kinachotawala, na picha ya kiongozi wake, Kaka Mkubwa (kwa Kiingereza Big Brother), imebandikwa kila mahali. Nyumbani kwa kila mwanachama kuna skrini ukutani inayoonyesha matangazo na papo hapo inamtazama mwenye nyumba. Anaweza kuipunguza sauti, lakini kuizima hawezi. Winston ananunua daftari kwenye duka la vitu vikuukuu na kuanza kuandika yaliyo moyoni mwake, kisha anapendana na msichana aitwaye Julia. Mambo hayo mawili yanatosha kumwangamiza.

Je, ndiyo ile Big Brother ya televisheni?

Jina limetoka humo. Kipindi kilianzia Uholanzi mwaka 1999, na huku kwetu wengi walikijua kupitia toleo la Afrika. Watanzania bado wanamkumbuka Richard Bezuidenhout aliyeshinda mwaka 2007 na Idris Sultan aliyeshinda 2014. Lakini washiriki wale waliomba wenyewe kuingia, walijua kamera zipo, na walijua kuna siku ya kutoka. Winston hakuomba, na kwake hakuna siku ya kutoka.

Orwell aliyajua wapi haya yote?

Swali hili linastahili jibu refu, maana watu hudhani alikaa mezani akabuni tu.

Jina lake halisi ni Eric Blair. Alizaliwa Motihari, India, mwaka 1903. Kuanzia 1922 hadi 1927 alikuwa afisa wa polisi wa kikoloni nchini Burma. Kwa hiyo kabla ya kuandika habari za watu wanaochunguzwa, yeye mwenyewe alikuwa upande wa wachunguzi. Aliona jinsi dola inavyowatawala watu isiowaheshimu, akaichukia kazi ile, akaiacha.

Kisha ikaja Hispania. Alikwenda huko mwishoni mwa 1936 kupigana na jeshi la Franco, jenerali aliyeiasi serikali, akajiunga na wanamgambo wa POUM, chama cha mrengo wa kushoto kisichoifuata Moscow. Mei 1937 alipigwa risasi ya shingo na mdunguaji, akanusurika. Alipotoka hospitali alikuta chama chake kimepigwa marufuku na wenzake wanakamatwa, wakisingiziwa kwamba wanamtumikia Franco. Polisi waliingia chumba cha hoteli cha mkewe, Eileen, kule Barcelona, wakakipekua kwa karibu saa mbili na kuchukua kila karatasi, zikiwemo shajara za mumewe. Kitanda hawakukigusa, kwa kuwa mwanamke yule alikuwa amelala juu yake. Orwell alikisimulia kisa hicho katika kitabu chake cha Hispania, na mimi naamini ndipo ilipozaliwa shajara ya Winston. Huko huko alisoma magazeti yakieleza vita ambavyo havikupiganwa, na kunyamazia mapigano ambayo yeye alikuwemo. Hilo lilimtisha kuliko risasi.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kati ya 1941 na 1943, aliandaa vipindi vya BBC vya kuitangazia India, na maandishi yake yalipita kwanza kwa wakaguzi. Eileen naye aliwahi kufanya kazi katika idara ya ukaguzi ya Wizara ya Habari, ndani ya jengo la Senate House. Jengo hilo refu jeupe bado lipo London, na ndilo linalotajwa kuwa kielelezo cha Wizara ya Ukweli, anakofanya kazi Winston riwayani.

Riwaya yenyewe aliiandika kwenye nyumba ya shamba katika kisiwa cha Jura, Scotland, huku kifua kikuu kikimla. Eileen alikuwa ameshafariki tangu 1945. Nakala ya mwisho aliipiga taipu mwenyewe, muda mwingi akiwa kitandani, na akafariki tarehe 21 Januari 1950 akiwa na miaka 46.

Skrini ya ukutani si jambo la kizamani? Simu zetu zinajua zaidi ya hapo.

Zinajua zaidi, ni kweli. Lakini someni vizuri anachosema Orwell kuhusu skrini ile: hakuna aliyejua ni saa ngapi anaangaliwa. Huenda Polisi wa Mawazo walimtazama kila mtu kila wakati, huenda walichungulia mara moja moja. Kwa kuwa mtu hajui, anaishi kana kwamba anaangaliwa daima. Anautengeneza uso wake kabla ya kugeuka kuelekea skrini. Mtambo ukiwa duni au wa kisasa, mwisho wake ni mtu anayejichunga mwenyewe.

Kama hujakisoma kitabu, ruka aya hii. Winston huweka chembe ya vumbi jeupe kwenye jalada la shajara yake, ili ajue kama kuna aliyeigusa. Kila mara anaikuta mahali pake, anatulia. Mwishoni, akiwa kifungoni, anagundua kwamba walikuwa wamemfuatilia kwa miaka saba, na kwamba hata chembe ile walikuwa wakiirudisha pale pale kila walipomaliza kusoma. Sijui riwaya nyingine yenye maelezo madogo yanayotisha namna hiyo.

Kwa mfano wa leo, tazameni Xinjiang, China. Mwaka 2019 shirika la Human Rights Watch lilichambua programu ya simu inayotumiwa na polisi wa huko kukusanya habari za wakazi, wengi wao Waislamu wa Kiuyghur. Miongoni mwa mambo yaliyohesabiwa kuwa ya kutilia shaka ni kutumia umeme mwingi kupita kiasi, kutochangamana na majirani, na kukwepa kutumia mlango wa mbele. Hakuna kosa lolote hapo, ni mwenendo tu. Riwayani nako hakukuwa na sheria inayokataza kuandika shajara, kwa sababu sheria zenyewe hazikuwepo. Ungekamatwa, ungeuawa au ungekwenda kazi za sulubu miaka 25.

Je, kuna nchi iliyowahi kufika kiwango hicho?

Iliyokaribia sana ni Ujerumani Mashariki. Wizara ya Usalama wa Taifa, maarufu kama Stasi, iliundwa Februari 1950, wiki chache tu baada ya Orwell kufariki. Hadi mwaka 1989 ilikuwa na waajiriwa wapatao 91,000 na wapelelezi wa siri zaidi ya 170,000, katika nchi ya watu kama milioni 16. Wapelelezi hao walikuwa majirani, wafanyakazi wenza, wachungaji, na wakati mwingine mume au mke. Barua zilifunguliwa kwa mvuke na kugandishwa tena. Harufu za washukiwa zilinaswa kwenye vitambaa na kuhifadhiwa ndani ya chupa zilizofungwa, ili mbwa wanusishwe siku ikihitajika.

Mwaka 1976 ulitoka waraka wa ndani, namba 1/76, unaoelekeza namna ya kumvunja mtu bila kumfunga. Maofisa waliingia nyumbani mwake akiwa kazini, wakahamisha vitu kidogo, wakabadilisha saa ya kuamkia, wakasambaza uvumi kuhusu ndoa yake. Mhusika akilalamika, anaonekana amerukwa na akili. Orwell alikuwa amekwisha kuiona njia hiyo kwa jicho la mwandishi. Kitabu chake kilipigwa marufuku nchini humo, na wapo waliofungwa kwa kukutwa nacho.

Tarehe 15 Januari 1990 umati uliyavamia makao makuu ya Stasi, Berlin. Leo kumbukumbu zilizobaki, zikipangwa rafuni, zinafika kilomita 111. Tangu Januari 1992 raia anaweza kuomba kulisoma faili lake, na wengi walipofungua walikutana na majina ya rafiki zao.

Kazi ya Winston ina umuhimu gani katika hadithi?

Kwangu ndiyo kiini cha kitabu kizima. Winston ni mtumishi wa Wizara ya Ukweli, Idara ya Kumbukumbu, na kazi yake ni kusahihisha magazeti ya zamani.

Chukueni mfano wa chokoleti. Mwezi Februari serikali iliahidi kwamba mgao hautapunguzwa mwaka huo. Sasa mgao unashuka kutoka gramu 30 hadi 20 kwa wiki. Winston analetewa kikaratasi kupitia bomba la hewa, anaifuta ile ahadi, na mahali pake anaweka onyo kwamba huenda mgao ukapunguzwa mwezi Aprili. Gazeti la zamani linachapwa upya, nakala zote za awali zinachomwa. Kikaratasi cha maagizo nacho anakitumbukiza kwenye tundu lililoko ukutani, kinakwenda tanuruni.

Muda si mrefu skrini inatangaza kwamba wananchi wameandamana kumshukuru Kaka Mkubwa kwa kupandisha mgao hadi gramu 20. Jana tu ulitangazwa kwamba umeshuka hadi gramu 20! Winston anatazama kando yake, anaona wenzake wanaimeza habari ile bila taabu. Anajiuliza: je, ni mimi peke yangu ninayekumbuka?

Swali hilo ndilo linalokibakiza kitabu hai. Uongo wa kawaida unaweza kuupinga kwa kuonyesha gazeti la juzi. Lakini gazeti la juzi likibadilishwa, huna cha kushika ila kumbukumbu yako, na kumbukumbu ya mtu mmoja hailindi kitu. Hapo ndipo kuangaliwa na kuandikwa upya vinapokutana. Dola inakuangalia ili ijue nani bado anakumbuka.

Zamani kuchoma nakala zote za gazeti lilikuwa jambo la riwayani. Mwezi Julai 2009, kampuni ya Amazon iligundua kwamba muuzaji mmoja wa nakala za kielektroniki hakuwa na haki ya kuziuza, ikaingia kwa mbali kwenye vifaa vya wateja na kuvifuta vitabu walivyokwisha kuvilipia. Vitabu vyenyewe vilikuwa 1984 na Animal Farm. Kuna mwanafunzi wa Michigan ambaye maelezo yake ya masomo yalibaki yakielekeza kwenye kurasa zisizokuwepo. Wateja walirudishiwa pesa, kampuni ikaomba radhi, na sababu ilikuwa hakimiliki wala si siasa. Lakini tulijifunza kwamba tundu la Winston sasa linawezekana, na halihitaji tanuru.

Mimi ni mtu wa kawaida, sina cha kuficha. Kwa nini nijali?

Msome Parsons. Ni jirani wa Winston, mtiifu kupita kiasi, anayetoka jasho kwa kujitolea kazi za Chama, na anajivunia watoto wake wanavyowasaka maadui. Usiku mmoja akiwa usingizini anatamka maneno ya kumlaani Kaka Mkubwa. Binti yake wa miaka saba anamsikia kupitia tundu la ufunguo, kesho yake anawaita askari. Winston anamkuta mahabusu akimsifu mtoto kwa kulelewa vizuri. Parsons hakuwa na cha kuficha, ila hakuwa na uwezo wa kuchunga ndoto zake.

Kuna jambo jingine ambalo wasomaji hulipita haraka. Asilimia 85 ya watu wa Oceania ni makabwela, na wengi wao hawana skrini nyumbani. Chama kinawaacha na bia, mpira, nyimbo zilizotungwa na mashine, na bahati nasibu ambayo washindi wake wakubwa hawapo duniani. Wanaachwa huru kwa sababu hakuna anayewahofu. Mtu akiniambia haangaliwi kwa kuwa yeye ni mdogo, huwa nauona msiba wa makabwela wale.

Je, kitabu kinaushambulia ujamaa?

Hapana, na Orwell alilisema hilo mwenyewe mwaka 1949 alipoona magazeti ya Marekani yanakitumia hivyo. Alijitambulisha kama mjamaa hadi kufa na alikiunga mkono chama cha Labour cha Uingereza. Alichokipinga ni utawala wa mabavu wa rangi yoyote, wa kikomunisti au wa kifashisti, na ndiyo sababu hadithi aliiweka London na si Moscow.

Ni kweli Orwell mwenyewe aliwahi kuipa serikali majina ya watu?

Ni kweli. Mei 1949, akiwa mgonjwa sanatoriamu, alimpa rafiki yake aliyefanya kazi katika kitengo cha propaganda cha Wizara ya Mambo ya Nje orodha ya majina 38 ya waandishi na wasanii aliowaona hawafai kuandikia kitengo hicho, kwa kuwaona ni wapenzi wa Moscow. Wanaomtetea husema haikuwa orodha ya kukamata mtu. Mimi naona hakupaswa. Mtu aliyeandika juu ya Polisi wa Mawazo alitakiwa kujua orodha ya siri huishia wapi. Na idara ya usalama ya Uingereza, MI5, ilikuwa na faili lake yeye pia, lililowekwa wazi mwaka 2007.

Wazo alilitoa kwa Mrusi?

Kwa sehemu. Yevgeny Zamyatin, mhandisi wa meli aliyewahi kusimamia ujenzi wa meli za kuvunja barafu kule Newcastle, aliandika riwaya yake, We, mwaka 1920 na 1921. Humo watu wana namba badala ya majina na wanaishi katika nyumba za vioo, wakiruhusiwa kushusha pazia kwa saa maalumu tu na kwa kibali. Ilitoka kwa Kiingereza New York mwaka 1924, wakati nchini kwake haikuchapishwa hadi 1988. Orwell aliichambua gazetini Januari 1946, kabla ya kuanza kuandika yake kwa bidii. Deni lipo. Ila Zamyatin hana Idara ya Kumbukumbu. Hiyo ni ya Orwell.

Huxley hakuwa sahihi zaidi, kwamba tutatawaliwa kwa starehe?

Aldous Huxley, mwandishi wa riwaya ya Brave New World, aliwahi kumfundisha Orwell Kifaransa shuleni Eton, na Oktoba 1949 alimwandikia kumwambia hivyo hivyo. Kwa nchi tajiri hoja yake ina nguvu. Lakini waulizeni wafungwa wa kisiasa duniani kama wamefungwa kwa starehe.

Je, Afrika Mashariki tuna kisa kinachofanana?

Tunacho, na ni cha ajabu. Mwaka 1986 Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa uhamishoni, alichapisha nchini Kenya riwaya ya Kikikuyu iitwayo Matigari, juu ya mtu anayezunguka nchi nzima akiuliza ukweli na haki viko wapi. Kwa simulizi ya Ngũgĩ mwenyewe, mapema 1987 zilimfikia Rais Moi taarifa za kijasusi kwamba wakulima wanamzungumzia mtu anayeitwa Matigari. Ikatoka amri akamatwe. Walipogundua kwamba ni mhusika wa kitabu, polisi walizunguka maduka ya vitabu na kukamata nakala. Mtandao wa masikio ulikuwa umeenea hadi ukamsikia mtu ambaye hayupo.

Mwaka 1991, nchini Kenya humo humo, mchezo wa jukwaani uliotokana na Animal Farm nao ulipigwa marufuku.

Na kusajili laini kwa alama za vidole, je?

Siwezi kusema kila usajili ni Kaka Mkubwa, kwa sababu serikali lazima iwajue watu wake ili iwahudumie. Maswali ya kuuliza ni haya: nani anaruhusiwa kulifungua faili langu, kwa kibali cha nani, na je, naweza kuliona na kurekebisha kosa? Januari 2020 Mahakama Kuu ya Kenya iliruhusu Huduma Namba, mfumo wa nchi hiyo wa kusajili na kutambua watu, iendelee kwa sharti la kuwepo kanuni kamili za ulinzi, na ikazuia kukusanya vinasaba na mahali mtu alipo. Tanzania ilitunga sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023. Isomeni sheria hiyo. Inatuhusu kila siku.

Kwa nini mauzo yake hupanda ghafla?

Juni 2013, Edward Snowden alipofichua kwamba shirika la NSA la Marekani linakusanya rekodi za simu za mamilioni ya watu, kitabu kilinunuliwa kwa wingi. Januari 2017, mshauri wa rais mpya wa Marekani alipoutetea uongo kuhusu ukubwa wa umati uliohudhuria kuapishwa kwa rais huyo kwa kuuita ukweli mbadala, kikapanda hadi kileleni kwenye orodha ya Amazon na mchapishaji akaagiza nakala 75,000 za nyongeza. Tazameni kwamba mara ya pili hakukuwa na kamera wala simu iliyosikilizwa. Ni idadi ya watu tu iliyobishaniwa, huku picha zipo.

Nianze na kipi?

Kama unasoma Kiswahili kwa raha kuliko Kiingereza, anza na Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya Animal Farm iliyotoka mwaka 1967. Ni fupi, na zile amri ukutani zinazobadilishwa usiku ndizo mbegu ya Idara ya Kumbukumbu. Kisha chukua 1984. Katikati utakuta sura ndefu ambamo Winston anasoma kitabu cha siri cha Goldstein, adui mkuu wa Chama. Wengi hukwama hapo. Unaweza kuipitia juu juu mara ya kwanza na kuirudia baadaye. Kiambatisho cha mwisho kuhusu lugha ya Chama usikiache, na angalia kimeandikwa kwa wakati gani: uliopita. Kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu kwenda juu kinafaa, ila sehemu ya tatu ina mateso makali, hivyo mzazi au mwalimu asome naye.